Kufutiwa siku za kufanyia kazi nyumbani

Ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani ni sehemu ya ujira, hata kama haionekani kwenye hati ya mshahara. Msomaji wa Kibaha, mhasibu, anaeleza kwamba aliikataa kazi nyingine yenye mshahara mnono zaidi kwa sababu mwajiri wake, mwenye ofisi Posta jijini Dar es Salaam, alimwahidi kufika ofisini siku mbili tu kwa wiki. Baadaye ukaja ujumbe wa mstari mmoja kwenye kundi la WhatsApp: kuanzia Jumatatu, wote ofisini siku zote tano. Anauliza kama agome au aache kazi.

Kinyongo chake kina msingi. Nauli ya daladala na mwendokasi, pamoja na saa za foleni ya Barabara ya Morogoro, sasa ni juu yake. Mwajiri aliyevutia watu kwa ahadi, kisha akaifuta bila kukaa nao, amewapunguzia ujira kimyakimya.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, yakiwamo mahali pa kazi na saa za kazi. Yakibadilika, mwajiri hushauriana na mfanyakazi, huyarekebisha na kumjulisha kwa maandishi. Basi la kwanza ni kuufungua mkataba. Ukiwa umetaja siku za nyumbani, tangazo la upande mmoja halitoshi kuzifuta. Ukiwa umetaja ofisi ya Posta peke yake, kazi ni ngumu zaidi, na ushahidi utafutwe kwenye barua ya ajira, tangazo la kazi au baruapepe za ofisa rasilimali watu. Pasipo maandishi yoyote, ajabu ni kwamba mwajiri ndiye anayebanwa: asipoweza kuutoa mkataba kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake.

Kugoma kwa kubaki nyumbani ni kosa. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinahesabu utoro wa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu ya maana, kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Kuacha kazi nako si njia nyepesi. Sheria inatambua kujiuzulu kunakotokana na mwajiri kuifanya ajira isivumilike, lakini mfanyakazi ndiye wa kulithibitisha hilo, na kufutiwa siku tatu peke yake hakufiki huko kwa urahisi.

Lililo salama ni kufika ofisini huku barua ya kupinga ikiwa imepokelewa na nakala yake kugongwa muhuri. Barua itaje nani aliahidi, lini, na kazi iliyokataliwa kwa kuamini ahadi hiyo. Kisha iombe kitu kinachowezekana, kama siku moja ya nyumbani au posho ya usafiri. Ikisainiwa na wenzake pia, au kupitia tawi la chama cha wafanyakazi, huwa nzito zaidi.

Mazungumzo yakishindikana, mgogoro wa namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Wa kuachishwa kazi una siku 30 tu. Kwa msomaji wa Kibaha, hesabu hiyo ya siku 60 imekwisha kuanza.