Kiingilio ni Deni, Mchango ni Hiari

Maneno mawili, kiingilio na mchango, siku hizi yamezoea kukaa pamoja kwenye meza moja ya mlangoni, hata watu wengi hawayatofautishi tena. Mtu aendapo kutazama magofu, makumbusho au nyumba ya kale, huombwa alipe kiingilio. Na kabla hajautoa mkono mfukoni huombwa pia achangie. La kwanza ni haki. La pili laweza kuwa jema sana, na laweza pia kuwa dhuluma ndogo iliyovikwa nguo za wema. Katika somo la leo twataka kuyatenganisha mambo hayo mawili, ili kila mzazi ajue alipe nini kama deni na atoe nini kama mtu huru.

MAANA YA MANENO HAYA

Kiingilio ni bei. Hupangwa kabla mgeni hajafika, huandikwa mahali panapoonekana, na huwa sawa kwa watu wote wa daraja moja, awe mtu mzima au mtoto, raia au mgeni wa nchi nyingine. Akiisha kulipa, mgeni ana haki ya kuingia na haki ya kupewa stakabadhi. Hakuna anayemfanyia mwenzake fadhili.

Mchango ni kitu kingine. Kiasi chake hakipangwi na anayepokea, bali na anayetoa. Waweza kuwa shilingi elfu hamsini, waweza kuwa mia tano, na waweza kuwa si kitu kabisa. Na yule asiyetoa kitu ana haki ile ile ya kuingia na kutazama. Wazee walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo hutumiwa sana kuwahimiza maskini watoe. Lakini ina upande wa pili unaosahauliwa: ikiwa kutoa ni kazi ya moyo, basi mkono uliosukumwa haujatoa, umenyang'anywa kwa adabu.

MFANO WA JAMAA MOJA

Tuseme jamaa moja ya Kingolwira, baba, mama na watoto wanne, wamekusudia safari wakati wa likizo. Kingolwira iko kando ya barabara kuu, mwendo mfupi mashariki ya mji wa Morogoro, mbele ya milima ya Uluguru. Baba ni mkulima, naye ameweka akiba kidogo kidogo ili watoto wake wakaone pwani, na mahali pa kale ambapo mwalimu amewasimulia darasani. Hatutaji mahali penyewe, maana jambo hili laweza kutokea kwenye lango lo lote, liwe la serikali, la dini au la kijiji.

Tuseme tena kwamba kiingilio ni shilingi 2,000 kwa mtu mzima na 1,000 kwa mtoto. Hesabu ni 8,000. Baba atoa noti ya 10,000. Karani aishika noti, hairudishi chenji, bali asema kwa sauti ya upole: “Mzee, hii elfu mbili inayobaki tuiandike mchango wa paa? Wenzako wote wamechangia.” Kisha amgeuzia kitabu cha wageni. Ndani yake mna safu ya jina, safu ya mahali mtu atokako, na safu ya kiasi alichotoa. Waliotangulia wameandika 20,000 na 50,000. Nyuma yake watu wamepanga mstari. Watoto wake wanamtazama.

Baba akubali kwa kichwa. Zile elfu mbili zilikuwa za kuwanunulia watoto maji na maandazi njiani.

Hasara yenyewe ni ndogo. Lakini tutazame matunda yake. Baba yule hatalalamika, kwa kuwa ataona haya. Ila mwaka wa pili watoto wakisema, “Baba, twende tena,” atawaambia kwamba hana nafasi. Naye atawaambia jirani zake kwamba mahali pale ni pa matajiri. Hivyo mahali pa kale pamepata shilingi 2,000 na kupoteza jamaa nzima, pengine na jirani zao. Tena watoto wamejifunza neno baya: ya kuwa hiari ni jina jingine la lazima.

ALAMA TATU ZA HIARI ILIYOPOTEA

Si vibaya kuomba. Aombaye kwa kazi njema huwapa wengine nafasi ya kutenda mema. Basi twawezaje kujua kwamba kuomba kumegeuka kuwa kulazimisha? Tutazame alama tatu.

Ya kwanza ni wakati. Mgeni akiombwa kabla ya kuruhusiwa kuingia, hawezi kujua kama jibu lake litamfungia mlango. Akiombwa wakati wa kutoka, akiisha kuona kazi inayofanyika, jibu lake ni lake mwenyewe.

Ya pili ni mashahidi. Mchango unaoombwa kwa sauti mbele ya watoto, wakwe au watu wa mstari, hauombwi kwa moyo wa mtu bali kwa aibu yake.

Ya tatu ni kiasi. Karani akishika chenji, au akitaja bei ambayo mchango umekwisha kutiwa ndani yake, basi amekwisha kuamua badala ya mtoaji, naye humwachia kazi ngumu ya kudai chake kirudishwe.

MAMBO YA NCHI NYINGINE

Shida hii si ya Afrika peke yake. Huko Uingereza, mlipa kodi akikipa chama cha hisani fedha zake, serikali hukirudishia chama hicho kodi yake, peni 25 kwa kila pauni 1. Tangu Aprili 2006, sheria yao imekubali kwamba hata kiingilio chaweza kuhesabiwa kuwa mchango, iwapo mgeni ameongeza walau asilimia 10 juu ya bei ya kawaida. Hesabu yake ni hii: bei ikiwa pauni 10 na mgeni akalipa 11, chama chapata pauni 2 na peni 75 zaidi kutoka serikalini. Faida hiyo ni kubwa, na ndiyo maana katika sehemu nyingi bei yenye nyongeza ndiyo iliyotajwa kwanza, na mgeni aliyetaka bei ya kawaida alipaswa kuidai. Sheria haikuvunjwa, lakini wageni wengi walitoka wakinung'unika.

Mjini New York, makumbusho makubwa ya sanaa yaitwayo Metropolitan kwa miaka mingi yalimwachia kila mgeni atoe apendacho, huku kiasi kikubwa kimeandikwa penye dirisha la tiketi. Watu wengi walidhani kwamba hiyo ndiyo bei. Kesi ikafunguliwa, na katika mapatano ya mwaka 2016 makumbusho yakabadili maneno ya tangazo lake. Tangu tarehe 1 Machi 2018 wageni wanaotoka nje ya jimbo la New York wamewekewa bei kamili, iliyoanza kwa dola 25 kwa mtu mzima, na wenyeji wa jimbo wakaachiwa watoe wapendavyo. Bei hiyo ni kubwa, lakini sasa kila mtu ajua alipo.

WATUNZAJI NAO WANA HOJA

Tusiwahukumu watunzaji bila kuwasikia. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huliwa na chumvi na mvua. Boriti huoza. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 zamani za Sultani Barghash, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ilipokuwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Hayakutolewa humo mpaka mwaka 2014, baada ya kazi nyingi ya kuyahifadhi. Kazi ya namna hiyo hailipwi kwa shukrani. Ikiwa kiingilio hakitoshi, kitu kimoja katika viwili hakina budi kutendeka: ama bei iongezwe waziwazi, ama watu waombwe kwa heshima na kuonyeshwa hesabu.

Nchi yetu imekwisha kuonja matunda ya mchango usio wa hiari. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango iliyokuwa ikitozwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari za serikali, kwa kuwa watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha ambazo kwa jina zilikuwa za kujitolea. Madawati yalihitajiwa kweli. Lakini haja ya kweli haikufanya njia ile kuwa ya haki.

Kanisa nalo lajiwekea sheria. Katika mkusanyo wa sheria zake wa mwaka 1983, kanuni ya 1221 yaagiza kwamba wakati wa ibada watu waingie kanisani kwa uhuru na bila malipo. Na kanuni ya 1267 yaagiza kwamba kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumiwe kwa kusudi hilo tu. Makanisa yetu ya kale hutembelewa kila mwaka na wageni wengi, kama kule Bagamoyo, walikoanza kazi mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Hatuwezi kuwadai wengine haki hii ikiwa sisi wenyewe tutaisahau.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwa watunzaji: bei iandikwe mlangoni, kwa Kiswahili pia. Chenji irudishwe yote kabla ya neno jingine lo lote. Sanduku la mchango liwekwe penye njia ya kutokea, na kando yake bango lenye kueleza fedha zilizopatikana na kazi zilizofanyika. Kitabu cha wageni kisiwe na safu ya kiasi. Atakaye stakabadhi ya mchango wake aandikiwe peke yake.

Kwa wageni: lipeni kiingilio kamili, wala msimhonge mlinzi ili mpite kwa nusu bei, maana huo nao ni wizi. Mkiombwa mchango nanyi hamna, inatosha kusema, “Samahani, leo sitachangia,” bila kutoa sababu. Mkiwa nacho na mmeridhika, toeni, tena kwa furaha.

Nasi watu wa Morogoro tukumbuke kwamba tu wenyeji pia. Wageni hupanda Uluguru, na hutembelea Mazimbu, ambako wakimbizi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini walijenga Chuo cha Solomon Mahlangu na kukikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Kijana anayemwongoza mgeni mlimani na apatane naye ujira kabla ya kuondoka, asije akamgeukia kileleni na kudai “kitu kidogo cha hiari” mahali ambapo mgeni hajui njia ya kurudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Kuna tofauti gani kati ya deni na zawadi? Watoto watoe mifano yao wenyewe.

2. Katika michango ya arusi na ya jumuiya zetu, je, twasoma majina na viasi kwa sauti ili kushukuru, au ili kuwaaibisha waliotoa kidogo?

3. Ikiwa baba yule wa Kingolwira angalisema hapana, watoto wake wangalijifunza nini kwake?

Jamaa zisiache kwenda kuyatazama mambo ya kale ya nchi yao. Ni mali yao pia. Baba na aende tena mwakani pamoja na watoto wake, alipe shilingi zake 8,000, na ahesabu chenji yake pasipo haya.