Dondoo muhimu: Mteja yuko mlangoni, usimfukuze

Fungua tovuti yako kwa simu ya bei nafuu, kwa bando, si kwa Wi-Fi ya ofisini. Mwaka 2016 Google ilieleza kuwa asilimia 53 ya wanaoingia kwa simu huondoka ukurasa ukizidi sekunde 3 kufunguka. Mara nyingi mchawi ni picha: imetoka kwenye kamera na MB 5, wakati KB 200 zingetosha.

Juzi nilitafuta mtandaoni chumba cha kulala Paje, Zanzibar. Kabla sijaona bei, tangazo la "Jiunge nasi" likaziba skrini nzima, alama ya kulifunga ndogo kama punje ya mtama. Nikalala kwingine.

Bei iwe wazi. Namba ya simu ipigike kwa kuigusa tu. Na fomu? Jina na namba. Tarehe ya kuzaliwa ya nini?