Ninunue boksi zima la Pink Floyd?

*Boksi la miaka 50 ya The Dark Side of the Moon lina sauti ya kuzunguka, lakini bei yake inanitoa jasho. Mume wangu anasema ni wazimu. Nifanyeje? – Msomaji, Leicester*

Si wazimu, dada yangu, ila tuanze na sebule yako. Sauti hiyo ya kuzunguka, yaani 5.1, inataka spika tano, mbili zikiwa nyuma ya kochi, na moja ya besi. Ukiwa na mbili za mbele tu, zile saa zinazolia kwa mkupuo mwanzoni mwa "Time" hazitakuzunguka hata kidogo.

Sasa fungua boksi lenyewe. Kuna santuri, sidii, DVD, vitabu. Albamu ni ile ile ya 1973, inarudiwarudiwa. (Tamasha la Wembley la 1974 lililomo humo ni tamu, nakubali.) Unachokitafuta wewe ni diski moja ya Blu-ray yenye sauti ya kuzunguka, na hiyo baadaye ilitolewa peke yake kwa bei nafuu zaidi.

Mkikosa kuelewana nyumbani, au pesa yenyewe ni ya kodi ya nyumba, ahirisha. La sivyo, nunua hiyo Blu-ray, boksi liache dukani.