Topido za Awali za Nyambizi za Ujerumani: Ukubwa na Uwezo Wake

Makala hii inachunguza topido zilizobebwa na nyambizi za Ujerumani kuanzia mwaka 1906 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Hoja yake kuu ni kwamba ukubwa wa topido haukuhusu nguvu za mlipuko pekee, bali ulihusu pia nafasi, hewa na muda.

Chimbuko na Majina

Topido ijiendeshayo yenyewe ilibuniwa mwaka 1866 na mhandisi Mwingereza, Robert Whitehead, katika mji wa Fiume, ambao leo ni Rijeka nchini Kroatia. Ilikuwa na kichwa chenye vilipuzi, tangi la hewa iliyoshindiliwa, injini iliyoendeshwa kwa hewa hiyo, na mkia wenye rafadha na usukani.

Wajerumani walizipa topido zao majina yenye maana. C/03 na C/06, zenye kipenyo cha sentimita 45, zilitajwa kwa mwaka wa muundo wake, yaani 1903 na 1906. Baadaye herufi G iliwakilisha kipenyo cha sentimita 50, na tarakimu ikaonyesha urefu kwa mita. Kwa hiyo, G6 ilikuwa na urefu wa mita 6, nayo G7 mita 7. Majina haya yasichanganywe na G7a na G7e za Vita vya Pili vya Dunia, ambazo kipenyo chake kilikuwa sentimita 53.3.

Nafasi

Nyambizi ya kwanza ya jeshi la majini la Ujerumani, U-1 ya mwaka 1906, ilikuwa na mtutu mmoja wa sentimita 45 na topido 3 tu. U-9 ilikuwa na mitutu 4 na topido 6. U-19, iliyoanza kazi mwaka 1913, ilitumia mitutu ya sentimita 50.

Tofauti ya sentimita 5 yaweza kuonekana ndogo. Hata hivyo, eneo la duara hutegemea kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Kwa hiyo, topido ya sentimita 50 huwa na nafasi ya ndani iliyozidi kwa takribani asilimia 23, hata kama urefu ni ule ule. Nafasi hiyo iliongeza vilipuzi na hewa. Aidha, ilihitaji mtutu mpana na chombo kikubwa zaidi cha kuibeba.

Kasi na Umbali

Hewa ya tangini ilikuwa na kikomo. Topido ikienda kasi, hewa iliisha mapema. Ikienda polepole, ilifika mbali. Polepole nako kulikuwa na gharama yake. Kwa kasi ya noti 35, yaani maili 35 za bahari kwa saa, topido husafiri mita 1,000 kwa sekunde 56 hivi. Katika muda huo, meli iendayo noti 10 husogea karibu mita 285. Kasi ya topido ikipungua hadi noti 27, meli hiyo husogea mita 370. Nahodha akikosea kidogo kukadiria mwendo wa meli, topido hupita patupu. Ndiyo sababu nyambizi zililazimika kukaribia.

Ushahidi wa Vita

Mnamo tarehe 22 Septemba 1914, katika Bahari ya Kaskazini, U-9 ya nahodha Otto Weddigen ilizamisha manowari tatu za Uingereza: Aboukir, Hogue na Cressy. Manowari hizo zilikuwa zikienda kwa takribani noti 10, bila kupindapinda. Weddigen alirusha topido ya kwanza akiwa mita 500 hivi kutoka Aboukir. Hogue na Cressy zilisimama kuwaokoa wahanga, nazo zikapigwa. Topido zote 6 zilitumika, na mabaharia wapatao 1,450 waliangamia.

Hitimisho

Topido hizo zilikuwa za sentimita 45, aina ambayo tayari ilikuwa imeanza kupitwa na wakati. Kilichozipa ushindi si ukubwa, bali ukaribu wa nyambizi na mwendo wa taratibu wa manowari zenyewe. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.