MAKTABA YA WAALIMU NA MPANGO WA VITABU VYAKE

Twapenda kueleza jambo ambalo waalimu wengi hawajapata kuliuliza: vitabu vya ualimu vipangweje hata mwenye haja aone alitakalo?

Katika maktaba nyingi za watu wote vitabu hupangwa kwa namba. Mpango ujulikanao sana ni ule wa Melvil Dewey wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1876, ambao huyagawa maarifa yote mafungu 10. Elimu imepewa 370. Penye rafu moja ya vitabu vya ualimu, nafasi hiyo yatosha. Lakini je, maktaba ambayo karibu vitabu vyake vyote ni vya ualimu?

Taabu hiyo iliikuta maktaba ya Chuo cha Elimu cha London. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1902 ili kuwafunza waalimu wa mji ule, na mwaka 1927 kikafungua idara kwa ajili ya kazi ya elimu katika makoloni. Tangu 2014 ni sehemu ya University College London.

Tutoe mfano. Mwalimu wa watoto viziwi ataka kitabu cha kufundisha hesabu. Kwa Dewey, wanafunzi wenye mahitaji ya pekee wako 371.9, na hesabu ya shule ya msingi iko 372.7. Mkutubi hana budi kuchagua mahali pamoja, na mwalimu akitazama pengine huondoka mikono mitupu, hali kitabu kipo. Na apatwaye na hasara ni mtoto anayemngoja darasani.

Bwana D. J. Foskett, aliyekuwa mkutubi wa chuo hicho toka 1957, alitunga mpango mwingine, ukachapishwa mwaka 1963. Yeye aliuliza: Mwanafunzi ni nani? Shule ni ya namna gani? Somo ni lipi, nalo lafundishwa kwa njia gani? Kila jibu lina alama yake ya herufi zitamkikazo kama silabi (nafuu kubwa kwa wasahaulifu wa namba), kisha alama huunganishwa.

Kweli, kitabu kimoja hakikai rafu mbili. Lakini kadi zake zaweza kuwa tatu, ya viziwi, ya hesabu na ya njia ya kufundisha, zote zikielekeza mahali pamoja. Mwalimu mwenye sanduku la vitabu 40 aweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari: akipe kila kitabu namba, atenge kurasa za wanafunzi, za masomo na za njia, kisha aiandike namba ile katika kila ukurasa uhusikao.