SOMO: KUUNGWA MKONO WAKATI WA UCHAGUZI



Kila uchaguzi ukikaribia tunasikia kwamba fulani anamuunga mkono mgombea fulani. Wengi wetu hupiga makofi tukaenda zetu. Lakini anayetoa mkono ana haja yake, na anayeupokea ana hesabu yake. Leo tuzitazame haja hizo na hesabu hizo.

Tuchukue Marekani, mwaka 2008, maana huko jambo hili lilisemwa hadharani. Mwezi wa Februari, Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam, alimsifu Barack Obama mbele ya wafuasi wake mjini Chicago. Farrakhan alikuwa amewaudhi Wayahudi kwa maneno yake ya miaka mingi. Tarehe 26 Obama alikuwa Cleveland akijadiliana na Hillary Clinton kwenye televisheni, akaulizwa kama anaupokea mkono huo. Akajibu kwamba amekwisha kuyalaani maneno ya Farrakhan na kwamba hakumwomba msaada. Clinton akamshika hapo hapo: kulaani maneno ya mtu ni jambo moja, kuukataa mkono wake ni jingine. Obama akasema yeye haoni tofauti, lakini ikiwa "kukataa" ndilo neno lenye nguvu zaidi, basi anakataa na kulaani pia.

Msidhani huo ni ubishi wa maneno tu. Mnyapara anaweza kuwaambia kwamba hapendi amri ya meneja, na jioni akawakata mshahara kama alivyoagizwa. Ninyi wenyewe mnaijua tofauti.

Kesho yake, tarehe 27, mgombea wa upande wa pili, John McCain, alipokea kwa furaha mkono wa mchungaji John Hagee wa San Antonio, Texas. McCain alikuwa na shida: Wakristo wengi wa makanisa ya namna hiyo hawakumwamini sana, na kura zao alizihitaji. Wakatoliki wakalalamika kwamba Hagee amelitukana kanisa lao. McCain akasema hakubaliani na kila neno la mchungaji, lakini mkono hakuurudisha. Mwezi wa Mei ikasikika hotuba ya zamani ya Hagee, akieleza mateso ya Wayahudi chini ya Hitler kama sehemu ya mpango wa Mungu. Hapo, tarehe 22 Mei, McCain akaukataa. Kwa maoni yangu, kilichobadilika katika miezi hiyo mitatu ni hesabu ya kura, maana malalamiko yalikuwapo tangu mwanzo.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu vyama vya wafanyakazi navyo hutoa mkono.

Mwaka 1980 shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi la Marekani, AFL-CIO, lilimuunga mkono Rais Jimmy Carter. Chama cha waongoza ndege, PATCO, kikaenda njia yake na kumuunga mkono Ronald Reagan. Mwezi wa Oktoba Reagan alikuwa amewaandikia barua, akiahidi vyombo vya kisasa na kurekebisha idadi ya watumishi na siku za kazi. Barua haikutaja tarehe wala idadi. Reagan akashinda. Tarehe 3 Agosti 1981 waongoza ndege wapatao 13,000 wakagoma, wakidai mishahara na saa chache za kazi. Sheria iliwakataza watumishi wa serikali kuu kugoma, na Reagan akawapa saa 48 warudi kazini. Tarehe 5 akawafukuza zaidi ya 11,000. Kabla ya Oktoba kwisha, chama chao kilifutiwa haki ya kuwawakilisha. Waliofukuzwa walizuiwa kurudi kwenye kazi ile mpaka mwaka 1993, Rais Bill Clinton alipoondoa marufuku hiyo.

Ndugu zangu, Reagan aliupokea mkono ule bila aibu yoyote, kwa kuwa haukumgharimu kitu.

Katika mkutano wa tawi, mwenyekiti asome habari hii kwa sauti, kisha wanachama wajibu haya. Mgombea akija getini kuomba mkono wa chama chetu, ni jambo gani tutamtaka aliandike, na kwa tarehe gani? Nani mwingine anamuunga mkono, je, mwenye shamba naye yumo? Na ikiwa yumo, mgombea huyo atafanya nini siku sisi na mwenye shamba tutakapogombana?