Kuongeza Mistari Katika Jedwali la Wagonjwa

Katika kliniki ya kisukari, kipimo cha mgonjwa huandikwa kwenye kadi, kisha huingizwa kwenye jedwali la kompyuta. Jedwali hilo lina safu zinazosimama, moja kwa kila aina ya taarifa, na mistari inayolala. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mstari mmoja huwakilisha hudhurio moja, si mtu mmoja. Mgonjwa aliyefika mara nne ana mistari minne, na asiyefahamu hilo huweza kufuta mitatu akidhani imerudiwa.

Tuchukue jedwali liitwalo kliniki, lenye safu tatu: namba, tarehe na sukari. Katika R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, mstari mpya huongezwa kwa kitendakazi, yaani amri yenye jina lake, kiitwacho rbind:

mpya <- data.frame(namba = "K014", tarehe = "2024-03-05", sukari = 7.2)
kliniki <- rbind(kliniki, mpya)

Amri ya kwanza huunda jedwali dogo la mstari mmoja. Ya pili huliunga chini ya lile kubwa. Anayesahau kuandika "kliniki <-" mwanzoni mwa amri ya pili huuona mstari mpya kwenye skrini, akaridhika, kumbe jedwali lenyewe halikubadilika. Dawa yake ni nrow(kliniki), inayohesabu mistari: ihesabu kabla na baada. Hata hapo kazi haijahifadhiwa mpaka iandikwe kwenye faili, kwa mfano kwa write.csv.

Kuhusu majina ya safu, rbind ni bawabu mkali. Safu iitwayo "Sukari" kwa herufi kubwa haiungwi na "sukari". Amri hukataa na kutoa ujumbe wa kosa. Mpangilio wa safu ukitofautiana, yenyewe huzilinganisha kwa majina.

Lakini bawabu huyu hajui tiba. Maabara moja huandika sukari kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Kiwango cha 7.0 mmol/L, ambacho mtu akiwa hajala hutumika kutambua kisukari, ndicho 126 mg/dL. Zote mbili ni namba, nazo hukaa katika safu moja bila onyo lolote. Wagonjwa wanne wakiwa na sukari ileile ya 7.0, na mmoja wao akaandikwa 126, wastani wao utasomeka 36.75. Hapo kosa linaonekana wazi; katika jedwali la mistari elfu moja, mmoja tu hupotea machoni na kumpa mgonjwa historia isiyo yake. Kwa hiyo geuza kabla ya kuunga:

mpya$sukari <- mpya$sukari / 18

Kosa la nukta ni jepesi zaidi kuligundua. Ukiingiza "7,2" kama maandishi, safu nzima ya sukari hugeuka maandishi, na ukitafuta wastani utapewa NA, yaani hakuna jibu.

Nawe mgonjwa, unapotoka na majibu ya maabara nyingine, usikubali namba tupu kwenye kadi yako. Omba kizio, mmol/L au mg/dL, kiandikwe kando yake, pamoja na tarehe ya kupimwa.